Tume ya Kuchunguza Asili ya Daikirafu

Haikuwa zamani wala haikuwa kale. Tuseme juzi, ili tusigombane. Palikuwa na nchi ambayo jina lake nimeombwa kwa upole, na watu wasiojua upole, nisilitaje. Mimi ni mtiifu, sitalitaja. Nitasema tu kwamba ilikuwa chini ya bahari. Si mafumbo, jamani, chini kweli! Ukisimama sokoni kwetu, ujue samaki wanapita juu ya kichwa chako, upande wa pili wa Tuta. Kati yetu na bahari hapakuwa na kitu ila hilo Tuta, udongo mtupu ulioshindiliwa na wazee, na kila asubuhi tulilitazama kwanza ndipo tukasalimiana.

Kulijenga tulifundishwa na Mholanzi mmoja aliyekuja enzi za mababu, maana kwao nako, tunasikia, sehemu kubwa iko chini vivyo hivyo. Alipoondoka alituachia vitu viwili. Kwanza, neno: *dijkgraaf*, cheo cha mkuu wa tuta huko kwao. Sisi, kwa kuwa nchi yetu nzima ni Tuta na vilivyojificha nyuma yake, tukalifanya cheo cha mkuu wa nchi, na ndimi zetu zikalilainisha likawa Daikirafu.

Pili, alituachia mila. Kila nyumba ya Mtaa wa Chini, ule unaoegemea Tuta, ina kipande chake cha kukiangalia. Ukishindwa, kwa uzee au maradhi au uvivu, hakuna anayekuuliza. Unapanda juu mchana kweupe mbele za watu, unalichomeka chepe kwenye kipande chako, unashuka, unakwenda zako na unachoweza kubeba mkononi. Hapo umeacha kipande, nyumba, kuku, kila kitu. Atakayelichomoa chepe, vyote ni vyake, na kazi pia ni yake. Hakuna hati wala wakili. Nimeona kwa macho yangu watu wazima wakilia kwa kulichomeka, na wengine wakilia zaidi kwa kulichomoa.

Watu wa Mtaa wa Juu, kule mlimani penye upepo, hawakuwa na vipande. Wao walikuwa na neno.

*

Mimi naitwa Mbaruku, mshereheshaji wa Serikali. Ukisikia spika inasema tusimame, tukae, tupige makofi, basi ni mimi huyo. Nimezaliwa Mtaa wa Chini na bado nakaa huko, ingawa kazi yangu iko Juu, na kutwa napanda na kushuka. Kutulia sijui. Marehemu mama alikuwa akisema nimekalia upupu.

Jirani yangu ni Bi Siwazuri, mfuga bata. Mwanamke mrefu, mkavu, asiyekopesha maneno. Nyuma ya nyumba yake Tuta linagawanyika: upande wa kushoto ni kipande chake, kimeshindiliwa hadi kinang'aa, na upande wa kulia ni Kipande cha Serikali, mali ya Daikirafu mwenyewe, kina bendera, kina kibao cha USIGUSE, na majani mazuri sana. Kwenye majani hayo mazuri ndipo palipotokea ufa.

Bata ndio waliojua kwanza. Siku moja tuliamka tukawakuta wanaogelea kichochoroni. Watoto walifurahi. Bi Siwazuri alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Chumvi," akasema.

Akajaza ndoo, akajitwika, akapanda nayo mlimani hadi Ofisi Kuu. Mimi nilikuwa mlangoni nikijaribu spika. Karani mkuu aliitazama ile ndoo akauliza ni zawadi. Bi Siwazuri akamwambia aonje. Akaonja, akafikiri, akasema chumvi ina vyanzo vingi, bibi, hata jasho lina chumvi.

"Jasho la nani litajaza kichochoro?" Bi Siwazuri akauliza. "Mimi nina udongo, nina chepe, nina nguvu. Niruhusuni tu niguse pale pasipoguswa. Bamvua kubwa la mwaka, bahari ijaapo kuliko siku zote, linakuja, na nyumba yangu iko hapohapo chini. Ufa ule ukiachia, kwanza ni mimi, kisha mtaa, kisha ninyi mtakuwa kisiwa."

Maombi yake yakafika kwa Mheshimiwa Lukindo, Daikirafu wa nchi. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye koti zito la Kiholanzi alilorithi pamoja na cheo, na jasho lilimtoka saa zote. Akaagiza sheria iletwe. Sheria ilisema: Tuta litaangaliwa na Daikirafu. Ofisi nzima ikashusha pumzi, jambo limekwisha. Ndipo mshauri mmoja akauliza swali ambalo Mungu atamlipa kwa kadiri yake: "Mheshimiwa, Daikirafu maana yake nini hasa?"

Hakuna aliyejua. Wengine walisema asili yake ni bwana mkubwa, na bwana mkubwa hashiki udongo. Wengine walisema asili yake ni mchimbaji, na mchimbaji lazima anunuliwe vifaa, na vifaa lazima vitangaziwe zabuni. Jioni hiyo Mheshimiwa alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Hatuwezi kuziba kwa mamlaka tusiyoijua ilikotoka! Taifa lisilojua asili ya neno lake ni taifa linalovuja!"

Kilichokuwa kinavuja ni Tuta, lakini ratiba ilisema makofi, nami nikasema makofi, na watu wakapiga. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Asili ya Daikirafu. Mwezi huohuo ile methali ya ufa na ukuta ikapigwa marufuku mashuleni na kwenye kanga, kwa kuwa ilionekana kuishinikiza Tume.

*

Tume iliongozwa na Profesa Tindwa, msomi wa kweli, mtu asiyeweza kukuambia saa ngapi bila kukueleza saa ilianzaje. Walikaa mlimani, madirisha yamefungwa ili kelele za mawimbi zisiathiri utafiti. Waliokuwa upande wa Bwana walikaa kulia, wa Mchimbaji kushoto. Wiki ya kwanza walirushiana hoja, ya pili viti. Kisha wakaona haki itendeke, wakaenda Uholanzi wenyewe. Walirudi na jibini na picha nzuri wamesimama mbele ya kinu cha upepo. Asili ya neno hawakuiuliza, kwa sababu, Profesa alinieleza, haikuwamo kwenye barua ya mwaliko.

Huku chini maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha Bi Siwazuri. Bata walikuwa wanaingia sebuleni bila hodi. Kila nilipopita alikuwa mlangoni na chepe, anakitazama kile kibao.

"Mbaruku, mwanangu," akaniita. "Wewe una spika. Sema basi."

"Bi mkubwa, mimi husoma kilichoandikwa."

"Na maji nayo yanangoja kuandikiwa?"

Nilikimbilia kazini, ingawa siku hiyo kazi haikuwapo.

Ikabidi aletwe mtaalamu. Alikuja mama mmoja wa Kiholanzi, Bibi Griet, aliyezeekea kwenye kuchunguza maneno, Kiswahili amekisoma vitabuni na amekishika barabara. Alitandikiwa zulia. Nikamkaribisha kwa sauti ya sherehe. Akakaa mbele ya Tume, akaletewa chai, na kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza.

"*Dijk* ni tuta," akasema. "*Graaf* ni bwana aliyepewa eneo na mfalme alisimamie. Ukiyaunganisha, ni msimamizi wa tuta. Basi."

"Basi?" Profesa akauliza.

"Basi. Kwetu ni mtu anayevaa viatu vya mpira akaenda kukagua tuta kama linavuja. La kwenu linakaguliwa na nani?"

Mheshimiwa Lukindo alikiangalia kiatu chake cha ngozi kana kwamba kimemsaliti. Hatimaye Profesa Tindwa akakohoa, akasema mgeni ana uchovu wa safari, na kwamba jibu fupi kiasi kile ni dalili ya utafiti usiokamilika. Tume ikaongezewa siku chache.

Bibi Griet hakupumzika. Alivaa viatu vyake vya mpira, akashuka na Bi Siwazuri hadi nyuma ya nyumba, akauingiza mkono ndani ya ufa hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa, uso ulikuwa umebadilika.

"Bamvua lini?"

"Jumamosi, saa za alasiri."

"Mama, hii si ya tume. Hii ni ya leo."

Kesho yake alipewa cheti na kinyago, akasindikizwa uwanja wa ndege kwa heshima zote.

*

Jumamosi ilipowadia, nadhani umeshakisia, Tume ilizindua ripoti yake. Siku ilichaguliwa makusudi, kwa kuwa bahari ikijaa picha hutoka vizuri. Mahali palikuwa juu ya Tuta, Kipande cha Serikali, palipo na majani mazuri, hatua chache kutoka kwenye ufa, ambao ulifunikwa kwa zulia. Pangejengwa hapo Mnara wa Neno, wa mawe, na mawe yalikuwa yamekwisha kumwagwa.

Nilipewa ratiba asubuhi. Nikaisoma nikitembea, kama kawaida yangu: sala, wimbo, hotuba, hotuba, hotuba. Kisha nikasimama, jambo lisilo kawaida yangu. Palikuwa pameandikwa: *Mheshimiwa Daikirafu kuchomeka chepe la dhahabu juu ya Tuta.*

Yarabi! Nikamkimbilia Profesa, aliyekuwa akifungiwa tai na vijana.

"Profesa, hapa pa kuchomeka chepe pana neno."

"Neno gani?"

"Watu wa chini wana mila yao kuhusu chepe..."

"Aaa, mila!" Uso wake ukachanua. "Tumeiandikia sura nzima! 'Mila ya Tuta ndiyo mama wa sheria zote za nchi hii.' Mheshimiwa ameitia saini alfajiri, sasa ni sheria."

"Ameisoma?"

Profesa akaniangalia kwa huruma. "Mbaruku, wewe ni mshereheshaji."

Kweli, nilikuwa mshereheshaji. Nikarudi kwenye spika. Chini upande wetu maji yalikuwa yamefika madirishani kwa Bi Siwazuri, na upande wa pili bahari ilikuwa inapanda taratibu, haina haraka kabisa. Nikaendelea kufunga waya za spika.

Watu wa Juu walikaa kwenye hema. Watu wa Chini walisimama juani. Mheshimiwa alihutubia hadi koti likalowa. Alisema sisi ni wana wa neno. Alisema neno ni Tuta la moyo. Kisha akakabidhiwa chepe linalometameta, akalinyanyua wapiga picha walione, akalichomeka kwa nguvu zake zote, *chap*, katikati ya Kipande cha Serikali.

Hema lote likalipuka kwa makofi. Watu wa Chini hakuna aliyepiga hata kofi moja. Walikuwa wamevua kofia, kama tunavyofanya mtu anapoacha. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Masikini, na yeye kashindwa."

Hapo akatoka Bi Siwazuri, kanga imelowa hadi kiunoni. Akapanda polepole, akampita Mheshimiwa, akalishika lile chepe kwa mikono miwili, akalichomoa.

Walinzi wakamrukia. "Mwacheni!" watu wa Chini wakapiga kelele kwa pamoja, sauti ambayo hakuna spika inayoiweza. Mheshimiwa akamgeukia Profesa Tindwa. Profesa, ambaye hata kwenye moto angesoma kwanza maelekezo ya moto, akafungua ripoti, akasoma sura yake mwenyewe kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyompungua. Mila ni mama wa sheria. Aliyechomeka ameacha. Aliyechomoa amepata. Saini: L. Lukindo.

Mheshimiwa akaniangalia. Mimi nikaiangalia ratiba. Nayo haikuwa na la kusema.

"Sasa... mimi naondoka na nini?" akauliza. Nilimwonea huruma, wallahi. Alionekana mtoto aliyeachwa stendi.

"Unachoweza kubeba," Bi Siwazuri akamjibu. "Chukua neno lako, baba. Chepe niachie."

Akashuka upande wa mlimani na koti lake, na hakuna aliyemsindikiza.

*

Hapa ndipo hadithi nyingine zingekwisha. Vigelegele vilipasuka. Kikundi cha ngoma, kilichokuwa na wimbo wa kumsifu Lukindo, kilibadilisha jina tu kikaendelea na mdundo uleule. Watu wa Juu wakajipanga kupiga picha na mkuu mpya. Karani mkuu akamletea ndoo yake, imeoshwa, imefungwa utepe. Profesa Tindwa akainama kwa adabu akauliza kama aitwe Daikirafu moja kwa moja, au iundwe kwanza tume ndogo.

"Leteni machepe," Bi Siwazuri akasema.

Wakapiga makofi.

"Nimesema machepe! Maji hayo yanakuja, hamyaoni?"

Na mimi, kwa mazoea ya kinywa tu, nikaropoka kwenye spika: "Makofi kwa Daikirafu wetu mpya!" Wakapiga zaidi. Mungu anisamehe.

Alilivuta zulia. Ufa ulikuwa umepanuka, mtu angeweza kuupitisha mguu, na maji yalikuwa yanachuruzika humo yakiwa na mchanga ndani yake. Wazee wetu walisema yakitoka meupe una siku, yakitoka na mchanga huna. Akaanza kuchimba peke yake. Dhahabu ilikuwa rangi tu, ikabanduka kwa chepe la tatu au la nne, na chini yake palikuwa na chuma kizuri. Akachimba, akajaza, akashindilia kwa mguu, na watu wakasogea ili waone vizuri, wakatoa simu. Ngoma haikunyamaza. Watu wetu wa Chini nao walikuwa wanacheza. Hilo lilinichoma kuliko yote. Tulishamngoja mtu wa kutuokoa kwa muda mrefu mno, basi alipofika tukakaa kumwangalia.

Bahari ilikuwa imebakiza kimo cha mtoto kufika juu.

Bi Siwazuri akasimama. Akatupitia sote kwa macho, kuanzia hemani hadi juani. Akalinyanyua chepe, akalichomeka ardhini.

Ngoma ikakatika.

"Nimeshindwa," akasema, wala hakupandisha sauti. "Tuta hili si la mtu mmoja. Na nyumba yangu nimeacha, na bata wangu nimeacha. Haya. Nani?"

Akashuka akasimama pembeni, mikono mitupu. Nyumba ile alizaliwa humo. Nilimwona anakwepa kuitazama.

Hakuna aliyesogea. Watu wa Juu waliwaangalia wa Chini, wa Chini wakawaangalia wa Juu, kisha, sijui kwa nini, wote wakaniangalia mimi. Wamezoea. Mimi ndiye huwaambia la kufanya. Nikaisogeza maikrofoni mdomoni, nikatafuta kwenye ratiba, nikageuza na upande wa pili. Karatasi tupu. Na maji yanasikika, mama yangu, yananong'ona mle ndani ya udongo!

Nikaiweka maikrofoni chini, ikapiga kelele ya kutoboa masikio. Nikaenda, nikalishika chepe. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, nikalivuta mara ya kwanza likagoma.

"Bi mkubwa," nikasema, sauti yangu bila spika ikiwa ndogo ajabu, "mimi kuchimba sijui. Njoo unionyeshe."

"Anza kwa kuvua hivyo viatu," akasema, naye tayari alikuwa amefika kando yangu.

Nikavua. Nikachimba vibaya, akanikaripia, nikachimba tena. Sijui wa pili alikuwa nani. Nilisikia tu chepe lingine upande wangu wa kushoto, kisha jembe, kisha wanawake wanapitishiana masufuria ya udongo wakigombana kwa sauti. Mawe ya Mnara wa Neno yaliingia ufani moja baada ya jingine. Zulia likaingia. Viti vya hema vikaingia. Profesa Tindwa alitokea amekumbatia maboksi ya ripoti, nakala zote ambazo hazijagawiwa, akayatumbukiza bila kusema kitu, akayashindilia kwa viatu vyake vya sherehe, tai imetupwa begani. Nilimkuta baadaye analia na anacheka.

Maji yalifika alasiri, kama yalivyoahidi, bila kumuuliza mtu cheo chake. Yakapanda hadi tulipokuwa tumeshindilia, yakapapasa, yakapapasa tena. Tulikaa juu ya Tuta sote, wa Juu na wa Chini, miguu imejaa tope, tusijue nani ni nani, na hakuna aliyepiga makofi.

Kisha yakaanza kurudi nyuma. Siku ya tatu kichochoro kilikauka, na bata wa Bi Siwazuri wakawa wanazunguka humo kwa miguu, wanatafuta maji yao, wanatutukana.